Saa ya mkononi ilisema 118, mashine ikasema 196

Kisa hiki ni cha mama wa miaka 67 wa Ujiji, ambaye hapa nitamwita Bibi, kama anavyoitwa na wajukuu zake na nusu ya mtaa. Ana presha ya kupanda tangu siku zile bado anauza dagaa mwaloni Kibirizi. Anaishi na mkamwana wake na mjukuu wa darasa la sita. Mwanawe, baba wa mtoto huyo, anafanya kazi Dar es Salaam na huja nyumbani mara moja kwa mwaka akipata nauli na ruhusa. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya presha na sukari anayohudhuria. Naandika kwa ridhaa yake, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Sharti lake lilikuwa moja: kisa kiwafikie watu walioacha wazazi mbali.

Jumapili moja asubuhi Bibi aliamka akashindwa kushika kikombe. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, mdomo umevutika kidogo upande, maneno yanatoka nusu nusu. Mkamwana akampigia mumewe. Swali la kwanza kutoka Dar es Salaam lilikuwa, "Saa inasemaje?" Mjukuu akabonyeza ile saa janja kwenye mkono wa bibi yake, wakasubiri kitaa cha kijani kimulike, ikatoka 118/76. "Basi presha haijapanda. Atakuwa ameulalia mkono. Mpe chai ya maziwa apumzike."

Haikupita nusu saa, maneno yakarudi na mkono ukapata nguvu. Nyumba nzima ikaona saa imesema kweli. Jioni akaja jirani kumjulia hali, mama mtu mzima aliyefiwa na mume kwa kiharusi. Alipohadithiwa ya asubuhi hakumaliza hata kusikiliza, akatoka nje kuita bajaji bila kumuomba mtu ruhusa. Mashine ya hospitali ilisoma 196/112. Walirudia baada ya dakika tano: 192/110.

Daktari wa zamu aliandika kiharusi cha muda mfupi. Maana yake damu ilizuilika kwa muda kufika sehemu ya ubongo, kisha njia ikafunguka. Dalili huondoka zenyewe, na watu hushukuru Mungu wakarudi kwenye shughuli zao, ilhali hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, hasa saa 48 za mwanzo. Nyumba ile ilipoteza siku nzima ya saa hizo ikiwa imetulia kwa sababu ya namba moja.

Bibi alipona salama. Kinachonifanya niandike ni jinsi namba ile ilivyopata nguvu ya kumnyamazisha mtu mwenye mkono uliokufa ganzi mbele ya familia inayompenda.

Saa ililetwa Idi. Mwanawe aliinunua kwa nia njema kabisa. Aliniambia kwa simu, sauti ikimkatika, kwamba alikuwa amechoka kulala akiwaza kama mama yake ataamka. Kwenye boksi palikuwa na picha ya moyo na maandishi kwamba inapima presha, mapigo ya moyo, oksijeni, sukari na usingizi. Alimvalisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akaweka programu yake kwenye simu ya mkewe, akarudi kazini. Tangu hapo kila asubuhi mjukuu alipiga picha ya kioo cha saa na kuirusha kwenye grupu la ukoo. Watu zaidi ya thelathini wakawa wanaona presha ya Bibi kabla ya chai. Wajomba wakajibu "Alhamdulillah." Shangazi aliyeko Tabora akawa anashauri kitunguu swaumu na majani ya mlonge.

Kabla ya saa hiyo Bibi alikuwa anameza amlodipine, dawa ya kushusha presha, kila siku, bila kuipenda. Ilimvimbisha miguu jioni hadi kandambili zikawa zinambana. Hilo ni jambo linalojulikana kwa dawa hii, na lina ufumbuzi: dozi hupunguzwa, au huongezewa dawa nyingine, au hubadilishwa. Lakini siku ya kliniki foleni huanzia nje kwenye benchi, mgonjwa hupimwa, huandikiwa, huchukua dawa, huondoka. Na mwanamke wa umri wake haoni adabu kumlalamikia daktari kijana juu ya miguu. Akakaa nalo. Saa ilipoanza kutoa 117, 118, 120 kila asubuhi, akaona ameponeshwa. Akaanza kumeza siku moja na kuacha siku moja, baadaye akawa anameza siku kichwa kinapouma tu. Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi popote, kwa hiyo siku hizo zilikuwa chache sana.

Wiki ile aliporuhusiwa walikuja kliniki wote watatu, na saa ikaja nayo. Tulifanya jambo rahisi ambalo yeyote mwenye saa ya namna hii anaweza kulifanya. Bibi alikaa akatulia, tukampima kwa mashine ya mkono wa juu, ile yenye mkanda unaojazwa upepo: 174/98. Saa wakati huohuo: 119/77. Tukaifunga kwa mjukuu: 116/75. Kwa mama yake: 118/77. Kwangu mimi: 117/76. Mkamwana ndiye aliyepata wazo la kufungua programu kwenye simu yake. Ndani yake mwenye saa ameandikwa mwanaume, miaka 35, urefu sentimita 170. Mwanawe Bibi alijaza taarifa zake mwenyewe siku ile ya Idi kwa haraka ya kuijaribu. Tukabadilisha umri ukawa 67. Bibi hakuwa amesimama wala kufanya lolote. Saa ikatoa 131/84.

Bibi aliitazama, akaivua polepole, akaiweka mezani. "Kwa hiyo mwanangu, ilikuwa inapima karatasi?"

Sina jibu bora kuliko swali lake. Saa za aina hii humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma unavyorudi, kwa kuwa damu inayopita huongezeka na kupungua kwa kila pigo. Kwa kuhesabu mapigo ya moyo mtu akiwa ametulia, njia hiyo inafaa. Kwa presha hali ni nyingine. Mashine ya mkanda hubana mshipa hadi damu isimame, kisha hulegeza na kusikiliza mtikisiko wake. Inagusa nguvu yenyewe ya damu. Saa isiyo na mkanda haibani chochote. Inakisia kutokana na umbo la wimbi la mwanga, na nyingi za bei ndogo huchanganya ukisio huo na umri na jinsia ulivyojaza, zikatua karibu na namba inayopendeza. Hata kampuni kubwa zinakiri mipaka hii: saa za Samsung zenye kipimo cha presha humtaka mtumiaji aoanishe kwanza na mashine ya mkanda, na arudie kila baada ya siku 28. Wataalamu wa presha barani Ulaya, kupitia chama chao, walitamka mwaka 2022 kwamba vifaa visivyo na mkanda visitumike kumgundua wala kumfuatilia mgonjwa wa presha, na mwongozo wao wa 2023 ukashikilia hapohapo. Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Boksi la Bibi lilidai inafanya hivyo.

Nisiwe mchoyo kwa teknolojia yenyewe. Kuna saa zilizopimwa kwa uzito unaostahili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliofadhiliwa na Apple ulihusisha watu zaidi ya 400,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, kuona kama saa inaweza kushtukia mapigo yasiyo na mpangilio, tatizo ambalo lenyewe huleta kiharusi. Kifaa cha namna hiyo hakitoi hukumu. Kinachosema ni "nenda ukapimwe." Saa ya Bibi ilifanya kinyume chake, ilisema "usiende," na kwa nyumba iliyojaa hofu hilo ndilo neno linalopokelewa haraka kuliko yote.

Hapa Kigoma tuna mfano wetu wa simu iliyofanya kazi ya afya ikaifanya vizuri, na nimeurudia mara nyingi nikimfikiria Bibi. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Kigoma Vijijini ilikuwa moja ya wilaya tatu, pamoja na Lindi Vijijini na Ulanga, zilizojaribu mpango wa SMS for Life. Dawa mseto za malaria zilikuwa zinaisha zahanati huku mahali pengine zimejaa. Kila wiki mhudumu wa zahanati aliulizwa kwa ujumbe mfupi amebakiwa na dozi ngapi. Alijibu kwa ujumbe wa kawaida kwenye simu yake mwenyewe, hata ya kitochi, bila bando, na akijibu kwa wakati alirushiwa vocha. Vituo vilikuwa 129 kwa wilaya zote tatu. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha ndani ya wiki nane.

Simu yenyewe haikubeba hata kidonge kimoja. Ila ujumbe ule ulimfikia mtu wa wilayani ambaye kazi yake ilikuwa kuhamisha dawa, na aliyejua kwamba kila wiki utaingia. Namba ilihesabiwa na mtu aliyefungua boksi kwa mkono wake, na wasimamizi walikwenda kuhakiki. Ndivyo ilivyo hata kwa namba 115 ya mpango wa m-mama inayomwitia mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga usafiri wa dharura: upande wa pili kuna mhudumu anayepanga gari na dereva wa jamii anayelipwa kwa pesa ya simu. Sasa tazama picha za saa ya Bibi. Zilipokelewa na ndugu zaidi ya thelathini, na katika wote hao hapakuwa na hata mmoja mwenye jukumu la kufanya kitu siku namba ikiwa mbaya. Zaidi ya hapo, hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kuuliza kama namba ni ya kweli ikiwa nzuri.

Hivyo mpango tuliouweka tuliuanzia mwisho, kwa mtu atakayepokea. Daktari alipunguza amlodipine, akaongeza losartan ya presha, aspirini ya kuzuia damu kuganda na atorvastatin ya kupunguza mafuta kwenye damu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemuuliza Bibi mbele ya mwanawe, tukiwa tumeweka simu katikati ya meza kwa sauti ya juu, ni nini kinamkera kwenye dawa. Ndipo habari ya miguu ikatoka. Mwanawe alinyamaza, kisha akasema, "Mama, kumbe kila siku nakuuliza saa, sijakuuliza miguu." Bibi akamjibu, "Ungeuliza ningesema, baba."

Mwanawe alituma pesa ya mashine ya mkono wa juu. Hapa nilisimama sana, kwa sababu madukani kuna za kifundo cha mkono na za mkono wa juu, na za kifundo hudanganya kirahisi mtu asipouweka mkono usawa wa moyo. Mashine ya kuaminika ni ile iliyopitia majaribio ya kiwango cha kimataifa, ambayo hudai kuipima kwa watu wasiopungua 85 na kulinganisha na usomaji wa wataalamu. Orodha za mashine zilizofaulu zipo wazi mtandaoni, kwenye tovuti ya STRIDE BP kwa mfano, na ni jina la modeli la kulinganisha, kampuni peke yake haitoshi. Jambo la pili ni mkanda. Mzingo wa mkono wa Bibi ni sentimita 34, na mkanda mdogo ungempandishia presha ambayo hana. Alipata wenye kuchukua sentimita 22 hadi 42. Kabla ya kuipeleka nyumbani tuliiweka sambamba na ya kliniki, tukarudia mpaka tukaridhika.

Kupima kuna adabu zake, na mjukuu ndiye aliyezishika kuliko watu wazima wote. Bibi aende kwanza kujisaidia. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, nyayo chini, asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mtu asimsemeshe. Kipimo mara mbili, dakika moja kati yake, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, kwa siku saba zinazotangulia kliniki. Wiki nyingine siku mbili zinatosha. Namba zinaandikwa kwenye daftari la shule lenye mistari, tarehe, saa, na safu ya mwisho yenye alama ya vema kama dawa imemezwa. Hakuna picha kwenda grupu la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria Bibi mwenyewe alisema kuna shemeji humo ndani asiyependa ajue habari zake.

Jumatatu mkamwana hutuma wastani wa wiki kwa ujumbe mfupi, kwangu tu. Nyumbani tunalenga chini ya 135/85. Ikipita 160/100 siku mbili mfululizo, wananipigia. Ikifika 180 juu au 110 chini, warudie baada ya dakika tano, na ikibaki hapo waje.

Halafu kuna kanuni niliyoiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, na nikamtaka mwanawe airudie kwenye simu: uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikatika, msipime kitu chochote, iteni usafiri. Hata mashine nzuri isiguswe. Mtu anaweza kuwa na kiharusi presha ikiwa ya kawaida, na dalili ikiisha baada ya dakika kumi bado aje. Kama ningeruhusiwa kuacha sentensi moja tu ya kisa hiki ibandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mzee, ningeacha hiyo.

Saa hatukuitupa. Mwanawe alikuwa anaona aibu nayo, akataka iondoke machoni pake, lakini ina kitu inachokijua: wakati. Sasa inatetemeka mkononi mwa Bibi saa moja asubuhi na saa mbili usiku, muda wa dawa. Kipengele cha presha kimefichwa kwenye kioo. Pesa ya dawa, ambayo zamani ilikuja ikachanganyika na ya unga na daftari za shule, sasa inalipwa moja kwa moja kwa simu kwenye duka la dawa siku kituo kikiwa kimeishiwa, na muuzaji humtumia mwanawe risiti. Saa mbili usiku hupiga simu yeye mwenyewe. Haulizi namba. Anauliza mama amekula nini, amemeza, miguu vipi leo.

Habari ya chakula ilituchukua muda kuliko nilivyotegemea. Bibi ni mtu wa migebuka ya chumvi na mawese, na kwake mboga isiyokolea chumvi ya Uvinza haijapikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, takriban kijiko kimoja cha chai. Mkamwana alipokipima kijiko hicho kwenye kiganja mbele yake, Bibi alidhani ni cha mlo mmoja. Walianza kuloweka samaki wa chumvi usiku na kumwaga maji, na kupika dagaa waliokaushwa juani bila kuwatia chumvi, ndimu ikifanya kazi yake. Hakuna saa wala programu iliyosaidia hapo. Ilikuwa kazi ya mkamwana jikoni, siku baada ya siku, na sifa ni zake.

Wastani wa wiki za mwanzo ulikuwa 152/91. Baada ya miezi mitatu ulikuwa 137/84. Mwezi wa nne ulipanda tena, na daftari likatuonyesha sababu kabla hatujauliza: safu ya vema ilikuwa na nafasi tupu siku sita, wiki ile losartan ilipokosekana kituoni na muuzaji wa duka naye akawa safarini. Miguu haivimbi kama zamani.

Kilichobaki bado hakijakaa sawa. Majirani wameanza kuja kupimwa kwa mashine ya Bibi, na mjukuu anawaandika kurasa za nyuma. Wawili kati yao wamekutwa na zaidi ya 160 na wamefika kliniki, mmoja amekataa kabisa kuja. Na ujumbe wa Jumatatu bado unaingia kwenye simu yangu binafsi, ambayo nikiwa likizo au imeharibika hakuna mwingine anayeuona. Tumeomba kituo kiwe na simu yake, laini yake, na jina la muuguzi wa zamu atakayeishika, pamoja na kabati la kuifungia jioni. Ombi liko kwa mganga mfawidhi. Mpaka lijibiwe, wagonjwa wapya wenye mashine nyumbani nawapokea wachache tu, wale ambao nina hakika nitawajibu.